Treni Namba Kumi na Nne Haijafika

Kila Alhamisi saa nne kasorobo asubuhi, Bi Mkuu alifungua dirisha la ofisi ya Stesheni ya Tisa, akapangusa vumbi la daftari la njia kwa mkono wa koti lake la kazi, kisha akamwuliza karani wa tiketi kama kengele ya jukwaani imefutwa. Karani alijibu kwamba imefutwa. Haikuwa imefutwa. Bi Mkuu alitoka, akaifuta mwenyewe, akarudi ndani, na wote wawili wakaendelea na kazi zao kama watu waliokwisha kugombana vya kutosha tangu ujana.

Saa nne kamili treni iliingia.

Iliingia kutoka upande wa juu, upande uliofungwa miaka thelathini na moja iliyopita. Kichwa chake kilisimama sambamba na kengele. Mabehewa matano yalienea kando ya jukwaa, na yaliyobaki yalibaki nyuma: yalipita ghala la zamani, yakaziba njia ya kwenda shuleni, yakazunguka kilima na kupotelea huko. Mwisho wake hakuna aliyewahi kuuona. Wanafunzi walikuwa wamezoea. Waliingia mlango wa kushoto wa behewa la kumi na moja, wakatokea mlango wa kulia, wakafika darasani kwa wakati.

Abiria walishuka kunyoosha miguu. Walinunua maji na mkate kwa karani, wakaulizia bei ya sukari, wakaguna. Baada ya dakika arobaini Bi Mkuu alipiga kengele, wakapanda tena, na treni ikarudi ilikotoka kinyumenyume, kwa sababu hakuna mahali pa kugeuzia treni isiyo na mwisho.

Halafu Bi Mkuu alikaa, akachovya kalamu, akaandika kwenye daftari maneno yaleyale ya kila wiki: *Namba 14 haijafika.*

Reli ile ina historia yake, na watu wake hawapendi isimuliwe ovyo. Ilijengwa kwa miaka minane na watu waliobeba mabegani mataruma ya chuma, yale yanayolazwa chini ya reli, wawili wawili, wakiimba ili hatua zisipishane. Ilipewa stesheni kumi na sita. Kati ya Stesheni ya Tano na ya Sita inapiga kona kubwa isiyo na sababu, maana mhandisi aliyeichora alimwaga chai juu ya ramani, na mhandisi aliyeijenga akaliona lile doa, akadhani ni ziwa, akalizunguka kwa uangalifu mkubwa. Miaka kumi baadaye bata walianza kutua pale. Shirika la reli lilikaa likajadili, likaona aibu kukiri kosa, likajenga gati dogo. Hadi leo abiria wa dirisha la kulia huambiwa watazame ziwa, na wengi hukubali kwamba ni zuri.

Lakini fahari ya reli ilikuwa upande wa juu, kutoka ya tisa hadi ya kumi na sita. Huko kuna mteremko ambao wageni walisema hauwezekani, na madaraja manne ambayo hayajawahi kutikisika. Nyapara wa kipande hicho alikuwa baba yake Bi Mkuu. Aliyapima mataruma kwa sikio. Aligonga reli mara moja kwa nyundo, akainamisha kichwa, akasema, "La tatu kutoka hapa limelegea," na vijana wake wakaenda wakalikuta limelegea. Mkewe alisema mume wake anaisikiliza reli kuliko anavyomsikiliza yeye, na nyapara alijibu kwamba reli haijirudii maneno. Siku hiyo alijipikia.

Kufungwa kwa upande wa juu kulianza na hesabu. Shirika lilimtuma mkaguzi, kijana mwenye suruali iliyopigwa pasi mpaka ikasimama, aende Stesheni ya Kumi na Sita kuhesabu abiria. Treni za huko zilikwenda Jumanne, Alhamisi na Jumamosi. Mkaguzi alitumwa Jumatano. Jumatano ilikuwa siku ya nyapara kukaza reli, kwa hiyo mkaguzi alifikishwa huko kwa kiberenge cha mafundi. Alikaa kwenye benchi tangu asubuhi hadi jioni na kalamu mkononi. Aliwaona wanaume kumi na wawili wenye nyundo, na mbuzi. Akaandika: *Abiria: hakuna.* Hakuandika uongo.

Wiki iliyofuata, siku ya Alhamisi, Bi Mkuu aliruhusu Treni Namba 14 kwenda juu. Alikuwa na miaka ishirini na tisa, mwanamke wa kwanza kukabidhiwa stesheni katika njia nzima, na bendera aliikunjua kama anafungua mlango wa nyumba yake. Mama yake alikuwemo ndani, behewa la pili. Alikuwa anakwenda kwa dada yake Stesheni ya Kumi na Sita, na tiketi ya kwenda na kurudi. Ijumaa barua ilifika: upande wa juu umefungwa kwa kukosa abiria, na treni iliyoko huko ihesabiwe kuwa haiko.

Nyapara aliisoma barua hiyo mara mbili, akaikunja, akasema kwamba reli haijaambiwa. Aliendelea kukaza mataruma bila kutumwa na mtu hadi alipofariki, mwaka wa tatu, na nyundo yake ilirudishwa stoo kwa risiti.

Treni nayo ilikuwa na ratiba, ikarudi kwa ratiba. Shida ilikuwa moja. Kanuni ya reli, ambayo wakuu wa stesheni hufundishwa kabla hata ya kufundishwa mahali pa kutundika kofia, inasema treni haijafika mpaka mkuu aione kwa macho yake taa nyekundu ya behewa la mwisho. Taa hiyo ndiyo ushahidi kwamba treni imeingia nzima na hakuna behewa lililoachwa njiani. Namba 14 ilikuja Alhamisi ya kwanza baada ya barua ikiwa na kichwa chake na mabehewa mengi, lakini taa haikuonekana. Watu wa huko juu, waliokuwa wameambiwa hawapo, walikuwa wamepanda wote. Alhamisi iliyofuata walikuwa wameongezeka, na mabehewa yameongezeka pamoja nao.

Waliokwenda stesheni za huko juu walipanda na kushuka kama kawaida, maana huko hakuna aliyezuia kitu. Wa kushuka Stesheni ya Tisa ndio waliosubiri treni iandikwe kuwa imefika. Wenye haraka waliruka zamani wakaenda zao, na hakuna aliyewashika. Waliobaki walikuwa wale waliotaka kufika.

Mama yake Bi Mkuu alikuwa mmoja wao. Kutoka jukwaani aliliona bati la nyumba yake mwenyewe, hatua mia tatu, na hata siku moja hakuzipiga.

"Mke wa nyapara hateremki katikati ya safari," alisema. "Nitafika siku treni itakapofika. Nyumba haina miguu."

Alisema hivyo kila mwaka, akiwa na miaka hamsini na miwili kila mwaka. Ndani ya treni ambayo bado iko safarini umri hauna mahali pa kushukia. Binti yake alimfikia, akaenda naye sambamba miezi kumi na miwili, kisha akampita.

"Shikamoo, mama," Bi Mkuu alisema dirishani Alhamisi moja, akimpa chupa ya chai.

"Marahaba, mwanangu. Ingawa sasa umenizidi miaka minane, sijui hata nani amwamkie mwenzake." Alimtazama binti yake kichwani. "Mvi hizo umezitoa wapi? Kwetu hatuna."

"Ni za kwako, mama. Nimekutunzia."

"Baki nazo."

Basi mwaka huo ulikuwa wa Bi Mkuu kustaafu. Zilibaki wiki tano. Ndipo mkaguzi aliporudi.

Alikuwa yuleyule. Suruali bado ilisimama, aliyemo ndani ndiye aliyekuwa amelegea kidogo. Alishuka kutoka treni ya chini, ile inayokuja mara mbili kwa wiki, akiwa na mkoba na fomu moja. Alitembea hadi mwisho wa jukwaa, akatazama reli. Za upande wa chini, unaotumika, zilikuwa na kutu. Za upande wa juu, uliofungwa, ziling'aa kama vijiko vya wageni. Alizitazama kwa muda, akatoa kalamu, akaandika kitu, akakifuta.

Ofisini aliiweka fomu mezani. Ilikuwa na mstari mmoja: *Nathibitisha kwamba njia kutoka Tisa hadi Kumi na Sita haina treni.* Chini yake, nafasi ya sahihi ya mkuu wa stesheni.

"Ukishatia sahihi," mkaguzi alieleza, "mafundi wanakuja kung'oa reli. Chuma kina kazi nyingine."

"Na treni?"

"Treni ipi, Bi Mkuu?"

Karani alikohoa. Bi Mkuu alifungua daftari la njia, akaligeuza limwelekee mgeni, akaweka kidole kwenye ukurasa. "Hii. Niliiruhusu mimi. Mama yangu yumo, behewa la pili, kiti cha dirishani. Wenzake wamo. Ukining'olea reli, watapita wapi? Nioneshe taa nyekundu, nitatia sahihi sasa hivi, na wino nitanunua mimi."

"Makao makuu wanasema huko hakuna abiria."

"Makao makuu wanasema, au wewe ulisema?"

Mkaguzi alivua miwani, akaifuta. "Nilitumwa Jumatano," alisema. "Nikahesabu Jumatano."

"Kesho ni Alhamisi," Bi Mkuu alisema. "Hesabu."

Mkaguzi alilala kwenye chumba cha wageni juu ya ghala, na saa nne kamili alikuwa jukwaani na daftari jipya. Alianza behewa la kwanza. Aliwahesabu watu mmoja mmoja kwa ncha ya kalamu, akiwasalimu, akiomba radhi kwa usumbufu. Behewa la pili mwanamke wa miaka hamsini na miwili alimshika mkono.

"Wewe si yule wa benchi?"

"Ndimi, mama."

"Mume wangu alisema ulikaa kutwa nzima bila kuomba hata maji. Alikuonea huruma. Alisema huyu kijana anafanya kazi yake vizuri, bahati mbaya ni aliyemtuma." Akamwachia mkono. "Haya, nihesabu."

Alimhesabu.

Dakika arobaini zilipokwisha, mkaguzi alikuwa behewa la kumi na saba. Kengele ililia, treni ikaanza kurudi nyuma, naye akaendelea kuhesabu humohumo ndani. Karani alimwangalia akipotea nyuma ya kilima, akisogea kutoka dirisha hadi dirisha.

"Ataulizwa tiketi," karani alisema.

"Ana kitambulisho," Bi Mkuu alijibu.

Alirudi Alhamisi iliyofuata. Ndevu zake hazikuota hata kidogo na suruali haikupoteza mstari. Alishuka polepole kama mtu aliyebeba trei ya vikombe, akaingia ofisini, akaomba maji, akanywa glasi tatu. Kisha akafungua daftari.

"Mabehewa mia mbili na sita," alisoma. "Abiria elfu tisa mia tatu na arobaini na wanne. Wakunga wawili. Fundi cherehani mmoja, behewa la tisini, ana foleni. Walimu kumi na tisa. Viti vyote vimekaliwa ila kimoja, na hicho kina mzigo. Madaraja manne, hakuna lililotikisika." Alifunga daftari. "Sikuufikia mwisho. Niliulizia, wakaniambia uko mbele kidogo."

Karani, ambaye tangu aajiriwe hakuwahi kusimama kwa heshima ya mtu yeyote, alijikuta amesimama. Bi Mkuu aligeukia dirisha, na mabega yake yakawa mapana kama ya mtu aliyevaa koti jipya. Elfu tisa mia tatu na arobaini na wanne. Hakuna stesheni kuu katika njia ile iliyowahi kuwa na watu hao kwa siku moja.

Mkaguzi aliandika ripoti kurasa ishirini na mbili, kwa mwandiko wa kusimama, akaituma kwa treni ya chini.

Majibu yalikuja baada ya siku tisa, nusu ukurasa. Makao makuu yalimshukuru mkaguzi kwa juhudi zake. Yalieleza kwamba abiria ni mtu anayesafiri kwenye njia iliyo wazi. Njia ya juu imefungwa, hivyo waliomo si abiria, hivyo njia haina abiria, hivyo kufungwa kwake kulikuwa sahihi. Kwa kuwa mkuu wa stesheni wa sasa anastaafu mwishoni mwa mwezi, mkaguzi akaimu nafasi yake kwa siku moja, atie sahihi yeye, kisha arudi. Reli zing'olewe kuanzia siku ya pili.

Bi Mkuu aliisoma barua hiyo hadi nukta ya mwisho. Usiku huo hakulala vizuri, na asubuhi karani alimkuta amepiga pasi sare zote mbili, hata ile isiyomtosha.

"Sasa utafanyaje?" karani alimwuliza.

"Nitakabidhi ofisi. Kuna kanuni ya kukabidhi."

"Kanuni, kanuni. Bi Mkuu, watu wanakuja na mashine za kung'olea reli, wewe unataka kuwapiga na kanuni?"

"Sina kitu kingine," alisema. "Na hii ndiyo niliyofundishwa."

Siku ya makabidhiano ilikuwa Jumatatu. Walikaa watatu mezani: anayetoka, anayeingia, na karani kama shahidi, amevaa tai aliyoazima. Kanuni inataka vitu visomwe kwa sauti, na anayeingia atie sahihi kwa kila kimoja kabla hajagusa kitu kingine chochote. Bi Mkuu alisoma.

"Kengele moja ya shaba."

Mkaguzi akatia sahihi.

"Bendera mbili, nyekundu na kijani. Ya kijani imeshonwa pembeni."

Sahihi.

"Funguo saba. Mmoja hatujui ni wa nini, lakini tunao."

Sahihi.

"Treni moja, Namba 14, iliyoruhusiwa kutoka Tisa kwenda Kumi na Sita. Iko njiani. Taa ya mwisho haijaonekana. Anayeipokea anawajibika nayo mpaka ifike."

Kalamu ya mkaguzi ilisimama juu ya karatasi. Karani alilegeza tai. Nje mtu alikuwa anafagia jukwaa, na ufagio ulisikika ukienda na kurudi.

"Nisipotia sahihi hapa?" mkaguzi aliuliza.

"Utakuwa hujapokea stesheni. Na ambaye hajapokea stesheni hawezi kuthibitisha njia."

"Na nikitia?"

"Utakuwa umeipokea treni. Utaithibitishaje njia kuwa haina treni, wakati treni umeipokea?"

Mkaguzi alifikiri. Ilikuwa mchana mweupe, mlango umefungwa, na watu waliomo wote watatu walijua kwamba fomu ile ingeweza kupata sahihi kwa sekunde mbili na hakuna mtu makao makuu ambaye angeuliza jambo. Vitu kama hivyo hutendeka kila siku na watu hula chakula chao cha mchana. Lakini huyu alikuwa amekaa miaka thelathini na moja na jina moja tu, la mtu anayeandika alichokiona. Jumatano ile aliandika alichokiona. Kisha aliona mabehewa mia mbili na sita.

"Mama yako," alisema, "alinipa mkate. Behewa la pili." Akatia sahihi.

Bi Mkuu alivua kofia, akaiweka katikati ya meza. Hakulia. Alinyoosha sare, akawashukuru wote wawili, akatoka kwa mlango wa abiria, maana ule wa wafanyakazi haukuwa wake tena.

Fomu ilirudi makao makuu bila sahihi, na makao makuu hayakuhangaika sana. Yalichapisha ramani mpya. Ndani yake reli inaishia Stesheni ya Tisa kwa alama ndogo mfano wa msalaba, na juu ya hapo karatasi ni nyeupe. Kitabu cha historia ya njia kilitoka mwaka huohuo, kina picha ya ziwa na bata, na hakina neno hata moja kuhusu madaraja manne wala nyapara. Mashine za kung'olea reli zinangoja sahihi. Mkaguzi anaandikiwa kila mwezi arudi, naye hujibu kwamba atarudi mara tu treni aliyoipokea itakapofika.

Alhamisi yake ya kwanza baada ya kustaafu, Bi Mkuu alikata tiketi ya jukwaani kwa karani, ambaye alimdai kitambulisho kwa uso mkavu kabisa. Treni iliingia saa nne. Ilikuwa imeongezeka behewa moja. Mama alishuka, akamtazama binti yake aliyevaa gauni la nyumbani, akamtazama mkuu mpya wa stesheni, ambaye kofia ilimfika masikioni.

"Mmenibadilishia mtu?"

"Nimestaafu, mama."

"Mtoto wangu amestaafu kabla yangu," mama aliwatangazia abiria wa behewa la pili, nao wakampigia makofi. Walikaa pamoja kwenye ngazi ya behewa, wakanywa chai kwa kifuniko kimoja, wakizungumzia paa la nyumba linavuja upande gani. Dakika arobaini zikaisha. Mama akapanda, akashusha kioo cha dirisha.

Mkuu mpya alipiga kengele, akainua bendera ya kijani, akaipunga.

"Hivyo unafukuza nzi!" mama alimfokea. "Hii ni treni ya watu elfu tisa. Simama wima. Nyoosha mkono. Tena!"

Abiria wote walitoa vichwa madirishani, kuzunguka kilima hadi wasipoonekana, wakangoja. Alisimama wima, akanyoosha mkono, akarudia. Mara ya tatu mama alikubali kwa kichwa, na Namba 14 ikaanza kurudi nyuma.

Mkuu mpya aliingia ofisini, akafungua daftari la njia, akaandika kwa mwandiko wa kusimama kwamba treni haijafika, na kwamba imeondoka kwa kuchelewa dakika mbili. Kwenye safu ya sababu aliandika: *Mkuu wa stesheni ni mgeni.*